Mikono Iliyounga Kabati Letu

4 Februari

Mume wangu Taratibu,

Salamu za hapa nyumbani. Mama ni mzima, magoti tu yanampa tabu akiinuka. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji. Anasema huko kwenye ujenzi wenu simu mnazitumia kutazama saa tu, kwa kuwa mtandao haushiki hata mtu akipanda juu ya tangi la maji.

Nina jambo la kukwambia na nimelizunguka siku tatu, sasa nalisema: nimenunua kitanda. Nimenunua na kabati la nguo, la milango miwili. Ni vya lile duka kubwa jipya la samani kule mwisho wa barabara ya viwanda. Bei yao ni nafuu, nimetumia akiba yangu ya kushona, hatudaiwi na mtu.

Usinune kwanza, nisikilize. Mama alipokuja kukaa nasi nilimpa godoro letu, mimi nikahamia kwenye mkeka. Mgongo ukakataa. Wateja wanakuja kuchukua nguo zao wananikuta nimesimama kama mtu aliyemeza fimbo. Ndipo nikaenda dukani. Ungeliona, Taratibu. Ndani wamepanga vyumba vya kulala, kimoja baada ya kingine, vina mito na taa na mapazia, ila havina dari. Watu wanajilaza vitandani na viatu vyao. Mzee mmoja alikuwa amelala kabisa, anakoroma, mkewe amekaa pembeni na mkoba wake mapajani, anamsubiri. Na mimi nikajilaza. Nikakaa dakika kumi naangalia mabati ya paa la duka. Nilipoinuka nilikuwa nimeshaamua.

Zile mbao ulizonunua kwa ajili ya kitanda chetu ziko palepale nyuma ya nyumba, nimezifunika turubai. Sijazigusa.

Mkeo,
Cherehani

8 Februari

Mke wangu,

Nimepokea barua yako. Nashukuru kwamba Mama hajambo.

Vitu hivyo navijua. Ni maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi, halafu juu wakabandika picha ya mbao. Picha, mke wangu. Kikimwagikiwa maji kinavimba kama mkate. Una mume seremala, tena siyo seremala wa kubahatisha. Hapa nimepewa milango yote ya hospitali, mia na kumi na miwili, na mkandarasi hajanirudishia hata mmoja. Kisha watu wanapita nyumbani kwangu wanaona mke wangu anashusha maboksi.

Najua umesubiri miaka sita. Kitanda nilichokuahidi kina mchoro kichwani mwangu, na kila nikitaka kukianza naletewa kazi ya mtu mwingine. Ungesubiri nimalize hapa.

Lakini yaliyopita basi. Kuna jambo moja hukuliandika. Vitu vya duka lile huja vipande vipande, mwenye navyo aviunge mwenyewe nyumbani. Nani aliviunga? Aliingia chumbani kwetu akakaa muda gani?

Mumeo,
Taratibu

18 Februari

Taratibu,

Umeuliza nani aliviunga, nikacheka kidogo peke yangu. Ni kijana wa dukani. Wenzake wanamwita Bisibisi. Alileta maboksi kwa gari lao akayaingiza ndani, mambo yakaisha.

Kitanda kilichukua saa mbili, kabati likachukua mchana mzima. Kwa kweli kazi ilikuwa safi, mume wangu. Nilidhani kuna kupigapiga nyundo na kelele, kumbe ni kazi ya utulivu. Unapanga vipande sakafuni kwanza, vya kulia kulia, vya kushoto kushoto, skrubu kila aina kwenye kisahani chake. Kisha unaanza polepole. Mikono haina haraka. Mlango wa kabati ukiusukuma kwa kidole kimoja unakwenda wenyewe hadi unafunga, husikii hata tii. Nimeufungua na kuufunga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia bila aibu. Mama alisimama mlangoni akatazama, akasema, "Haya, mikono hiyo ina akili."

Bawaba moja ilikuwa imelegea, Bisibisi akarudi wiki iliyofuata. Sasa ni sawa.

Ninalala vizuri. Mgongo umetulia.

Cherehani

22 Februari

Mke wangu,

Nimeisoma barua yako mpaka naijua kwa moyo. Nakuandikia maneno yako mwenyewe uyaone: "Mikono haina haraka." Tumeoana miaka sita na sijawahi kusoma wala kusikia kwako sentensi moja kuhusu mikono yangu, isipokuwa niinawe.

Nilifanya kosa la kumsomea mwashi ninayelala naye chumba kimoja. Alifunga kamba za viatu vyake, akasema, "Mimi mke wangu akisifia hivyo fundi wa bomba, ningeomba ruhusa kesho asubuhi." Wengine wakasikia. Sasa nikipita kwenye foleni ya chakula kuna mtu anauliza kama nina bisibisi ya kumwazima.

Kijana huyo ana umri gani? Alikula kwako? Saa mbili za kitanda na mchana mzima wa kabati, wewe ulikuwa umekaa wapi? Na bawaba gani hiyo inayolegea kwa wiki moja? Bawaba ikilegea inakazwa na mwenye nyumba kwa ncha ya kisu. Hakuna fundi anayerudi nyumba ya mtu kwa ajili ya bawaba, nakwambia kama fundi. Anarudi kwa ajili ya kitu kingine.

Jana nimekata fremu ya mlango fupi kwa vidole viwili. Mimi. Mkandarasi amechukua futi akaipima mwenyewe.

Asirudi tena. Kitu chochote kikilegea, kiache kianguke.

Mumeo

22 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumai magoti yanapata nafuu. Nakuandikia peke yako na dereva nimemwambia akukabidhi mkononi.

Kuna kijana wa duka la samani anaitwa Bisibisi. Naomba uniambie anakuja hapo mara ngapi na anakaa muda gani. Mkwe wako usimwambie kwamba nimeuliza. Mimi ndiye mwanao.

Nakuombea afya,
Mwanao

4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu macho ni madogo, usinicheke.

Umenituma kazi ya mgambo na mimi nina magoti mabovu. Nakujibu mara moja, usirudie. Huyo kijana amefika hapa mara mbili. Mara ya kwanza alishusha maboksi, akaomba maji, akanywa amesimama, akaondoka kabla jasho halijamkauka. Mara ya pili alikuja na karatasi, akazungumza na mkeo uani, mimi nimekaa hapohapo nachambua maharage, akaenda zake. Wala hakuunga kitu humu ndani.

Aliyeunga kitanda na kabati namjua. Na wewe unamjua. Lakini si mimi wa kukwambia, maana nilishikwa mkono nikaapishwa, na mimi kiapo nakiheshimu hata kama ni cha kipumbavu.

Mkeo safari hii hajakuandikia. Nilimwona anaisoma barua yako, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani, akaendelea kushona. Siku hizi anatoka asubuhi na kurudi jioni, amechoka. Muulize mwenyewe, tena muulize kama mtu mwenye adabu.

Mama yako

8 Machi

Kwako mke wangu,

Kwanza kijana wa dukani. Sasa nasikia siye. Nasikia ni mtu ninayemjua, na kwamba watu wameapishwa wasiseme. Nasikia unatoka asubuhi unarudi jioni, wakati cherehani iko ndani ya nyumba.

Nimekaa na orodha. Nimemweka yule niliyekuwa nachangia naye karakana, aliyekuwa akija kuazima randa na kusahau kuondoka. Nimemweka binamu yangu mwenye pikipiki. Nimemweka hata mwenye nyumba, na yule ana miaka sabini. Kila nikipiga msumari naweka uso wa mmoja wao. Wiki iliyopita niliota nimelala kwenye hicho kitanda chako, na chini ya uvungu mtu anakaza skrubu, anakaza tu, nami siwezi kuinama kumwangalia.

Zamani nilijua wivu ni ugonjwa wa watu wasio na kazi. Mimi nina kazi kuanzia saa kumi na mbili, na bado ninao.

Niandikie jina lake. Sitaki salamu, sitaki habari za magoti. Jina tu.

Taratibu

18 Machi

Taratibu,

Umetaka jina. Ni mimi.

Bisibisi alipoondoka nilibaki na maboksi saba na karatasi ya michoro. Duka lina mafundi wa kuunga, ila unawalipa zaidi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wa akiba. Nikasema nitamsubiri mume wangu. Kisha nikafikiri, huyu mume wangu amenisubirisha kitanda tangu siku ya harusi. Nikachukua mkasi nikafungua boksi la kwanza.

Karatasi yenyewe haina hata neno moja. Ina kimtu cha kuchorwa kinakuonyesha fanya hivi, kingine kimepigwa alama ya X kwamba usifanye hivi. Ni kama kukata nguo kwa mchoro, Taratibu. Mwili umekatwa vipande, wewe unarudisha mwili. Nilikosea mara moja tu, niligeuza mgongo wa kabati nje ndani, nikaufungua nikaanza upya. Mama alikuwa ananishikia mbao huku ananitukana. Jioni kabati lilisimama. Nilikaa mbele yake kwenye sakafu nikalia, na sikuwa na huzuni yoyote.

Bisibisi aliporudi, hakuna bawaba iliyolegea. Nilikuwa nimesahau risiti garini mwao, akaniletea. Akaliona kabati kupitia mlangoni, akauliza nani kaliunga. Nikamwambia. Alienda akamwambia msimamizi wao. Wanawake wengi wakinunua samani za chumba cha kulala hawapendi mwanaume mgeni ashinde chumbani kwao, na duka halikuwa na fundi mwanamke hata mmoja. Wakaniita, wakanipa kabati niliunge mbele yao. Nilianza kazi tarehe ishirini na sita Februari. Nina ovaroli ya bluu na drili yangu. Nyumba tatu kwa siku, wakati mwingine nne. Wateja wangu wa kushona nguo nimewabakiza kwa Jumamosi.

Sasa unauliza kwa nini nilikudanganya. Nilipokaa kukuandikia barua ile ya pili, niliandika "nimeunga mwenyewe", nikaitazama, nikaona uso wako. Nakujua. Siku niliponunua stuli ya plastiki hukuikalia mwaka mzima. Nikasema, akisikia ni fundi wa dukani atanuna, kisha atasahau. Akisikia ni mimi, hatasahau. Nilidhani mwanaume mwingine ungemvumilia zaidi kuliko mimi.

Na zile sifa zote nilizozimwaga kuhusu mikono isiyo na haraka, nilikuwa najisifu. Hapakuwa na mtu mwingine wa kunisifu, nikajisifu kwa jina la mtu. Wewe ukaenda kumsomea mwashi.

Nimekosa kwa kudanganya. Lakini wewe ulimtuma mama yako anichunguze, na ukaweka mzee wa miaka sabini kwenye orodha. Nalo hilo tuliweke mezani.

Mkeo,
Cherehani

22 Machi

Mke wangu,

Nimepokea barua yako. Nimefarijika sana. Hongera kwa kazi.

Huku mvua imeanza. Milango imebaki kumi na minne.

Msalimie Mama.

Fundi

5 Aprili, chumbani

Cherehani,

Naandika barua hii nikiwa nimekaa kwenye sakafu ya chumba chetu. Nimekuja na lori asubuhi bila kumwambia mtu. Mama nimepishana naye, jirani anasema ameenda kliniki kwa ajili ya magoti. Wewe uko kwenye nyumba za watu.

Ile barua yangu fupi ilikuwa ya uongo. Sikufarijika. Nilipojua hakuna mwanaume yeyote, nilitegemea kitu kitashuka kifuani. Hakikushuka. Kiligeuka upande wa pili kikalala vizuri zaidi. Binamu yangu ningempiga. Karakana ya yule mwingine ningeenda kumvunjia mlango. Wewe nikufanye nini?

Watu wananiita Taratibu kwa heshima, nadhani, na mimi nimejificha humo ndani. Miaka sita nasema kitanda kizuri hakiharakishwi. Wewe kwa siku moja, na mkasi na mama yangu anayetukana, umemaliza. Na ulilia kwa furaha. Mimi sijalia mbele ya kitu nilichotengeneza tangu stuli yangu ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na tano. Hilo ndilo nililokuonea wivu, kuliko kazi na drili.

Nilipoingia nililitazama kabati muda mrefu. Nikausukuma mlango kwa kidole. Ulikwenda wenyewe hadi ukafunga. Nikatafuta kosa. Nilipima pembe kwa skwea yangu, zote zimenyooka. Nikasema kosa litakuwa ndani. Nikatoa nguo zako nikaziweka kitandani, nikachukua bisibisi. Nimelifungua lote, Cherehani. Lote, hadi kipande cha mwisho.

Kosa sikuliona. Nilichokiona ni alama za penseli upande wa ndani, pale vipande vinapokutana. Pembetatu ndogo, nusu kwenye ubao huu, nusu kwenye ule. Hiyo alama naweka mimi kwenye kila kiungo, nisichanganye mbao. Alinifundisha fundi wangu. Wewe sikukufundisha. Uliiona tu, ulipokuwa unaniletea chai karakanani na mimi sikuwa hata nageuka kukutazama.

Nimejaribu kulirudisha. Nimekataa kutazama karatasi ya michoro, kisha nimeitazama, kisha nimeona haya. Mgongo umeingia kinyume. Skrubu nimezichanganya.

Lori linarudi saa tisa. Ni saa nane na nusu. Ningekuwa mwanaume ningekusubiri.

Taratibu

15 Aprili

Taratibu,

Nilirudi siku ile saa kumi na moja na ovaroli ina vumbi la nyumba tatu. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, ameshika barua yako, hakuifungua. Akasema, "Tumeibiwa, ila mwizi ameacha kila kitu."

Nilisoma nimesimama. Kwanza nilikasirika kwa nguo zangu, ulizitupa bila kuzikunja. Kisha nikakasirika kwa mengine yote, nikaanza kuokota skrubu moja moja ili nilisimamishe palepale, liwe limesimama kabla ya jua kuzama, ili nikuandikie kwamba lilinichukua dakika arobaini. Na kweli lingenichukua dakika arobaini. Nilipofika kwenye ubao wa tatu nikauweka chini.

Sitaliunga. Naunga makabati ya watu wengine kila siku na nitaendelea, hilo jua mapema, hata ukimaliza hospitali na kurudi. Hili umelifungua wewe. Siku kumi sasa nguo zetu ziko juu ya viti, Mama anasema chumba kimekuwa kama duka la mitumba, na kila asubuhi naruka mbao nikienda kuvaa. Msimamizi wangu aliniuliza mbona ovaroli haijapigwa pasi. Nikamwambia kabati langu liko kwa fundi.

Pembetatu, ndiyo, niliiona kwako. Kushona nilijifunza kwa kumtazama mama yangu, kazi ya mbao kwa kukutazama wewe. Ulidhani nilikuwa naleta chai tu. Kama ungegeuka siku moja ukaniuliza, ningekuonyesha ninayoyajua, na huenda tungekuwa na kitanda mwaka wa kwanza.

Mimi pia nina wivu, maana tumefika kwenye kusema kweli. Naionea wivu ile milango mia na kumi na miwili. Kila mmoja umeupapasa, umeupima, umeusimamisha ukarudi nyuma kuutazama. Nimejiuliza mara nyingi wagonjwa wamekupa nini ambacho mimi sikukupa.

Ukija, njoo nikiwa nipo. Ingia kwa mlango wa mbele.

Cherehani

19 Aprili

Cherehani,

Nimeomba ruhusa ya siku nne, mkandarasi amekubali kabla sijamaliza sentensi. Nafikiri fremu zangu fupi zimemchosha. Mwashi ameuliza kama ninakwenda kumkamata mtu. Nimemwambia nakwenda kufundishwa kazi. Naye akasema mke wake anajua kutengeneza redio na yeye hajawahi kumwambia mtu hapa.

Nitafika Ijumaa mchana na nitakaa kibarazani na Mama mpaka utoke kazini. Karatasi ya michoro usiitupe. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba usinisaidie, nimekata, unaona wino. Nitashika mbao, wewe utaniambia kipi kinaingia wapi. Ukinicheka nitavumilia mpaka ubao wa tano.

Wivu haujaisha. Nilitaka nikuandikie kwamba umeisha, nikaona ningekuwa nakuandikia tena barua fupi. Bado unauma, hasa ninapofikiri zile nyumba nne kwa siku na watu wanaokuambia asante. Nakuja nao, sina pa kuuacha.

Mumeo,
Taratibu